Pesa na Hela

Siku hizi hapa Bagamoyo mtu akisema pesa au akisema hela, ni mamoja. Zamani hayakuwa mamoja. Wakati wa Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 ikafanywa kuwa hela 100. Rupia ilibaki ileile, vipande vyake ndivyo vilivyobadilika.

Tuseme mwenye duka alikuwa na rupia 3 na pesa 48 katika daftari la zamani, na rupia 2 na hela 48 katika daftari jipya. Akijumlisha hivihivi atapata rupia 5 na 96. Lakini pesa 48 ni robo tatu ya rupia, yaani hela 75. Jumla ya haki ni rupia 6 na hela 23.

Nami nimewahi kukosea hivyo. Nikiwa kijana chuoni nilishika daftari la stoo wakati ratili zilipokuwa zikiipisha kilo. Nilijumlisha unga wa ratili na wa kilo bila kugeuza. Karatasi ilionyesha shibe. Wenzangu wakalala njaa. Tangu hapo, kabla ya kujumlisha huuliza: hizi ni pesa au hela?