Mlango wa Kumkagulia Mchakato: Habari za Kutafuta Makosa ya Kompyuta

Katika somo lililopita tulisema kwamba kompyuta ni mashine itendayo maagizo, na kwamba orodha ya maagizo hayo huitwa programu. Leo tutazungumza juu ya makosa ya programu, jinsi yalivyotafutwa tangu zamani.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: programu, kumbukumbu, mchakato. Kumbukumbu ni mahali ndani ya mashine panapowekwa maagizo na hesabu. Mchakato ni programu iliyo kazini. Programu iliyolala ni kama maelezo ya kupika pilau yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mchakato ni mpishi mwenyewe jikoni, moto unawaka na vitunguu vimeanza kubadilika rangi. Ukitaka kujua kwa nini pilau imeungua, kusoma karatasi peke yake hakutoshi. Yakupasa kumsimamisha mpishi na kufunua sufuria.

Basi, tarehe 6 Mei, 1949, mashine iliyoitwa EDSAC ilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mkuu wa kazi ile alikuwa Maurice Wilkes. Maagizo yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, na kumbukumbu yake ilikuwa mabomba yaliyojaa zebaki. Wengi walidhani kwamba mtu mwangalifu ataandika programu yake sawasawa mara ya kwanza. Haikuwa hivyo. Programu moja ya hesabu aliyoiandika Wilkes ilikuwa na mistari 126 tu, na ndani yake mlikuwa na makosa kama 20! Baadaye alieleza kwamba siku moja, alipokuwa akipanda ngazi, alitambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ataitumia kutafuta makosa yake mwenyewe.

Njia ya kwanza ya kuyatafuta ilikuwa kuichungulia mashine. Mtu alisimama mbele yake, akaiendesha agizo moja moja, huku akitazama nukta za mwanga zilizoonyesha yaliyomo katika kumbukumbu. Lakini mashine ilikuwa moja na wenye haja walikuwa wengi. Mmoja akichungulia, wengine wote walingoja.

Mwaka 1951 kijana mmoja wa hapo Cambridge, Stanley Gill, alichapisha maelezo ya njia nzuri zaidi. Kwanza, mashine ikikwama, ichapwe kwenye karatasi hali ya kumbukumbu ilivyo, kama daktari anavyochunguza maiti ili ajue sababu ya kifo. Pili, pawe na programu ya kuisimamia programu nyingine: isome kila agizo, ilitende, na iandike imefanya nini. Mimi naona wazo hili la pili ndilo kubwa zaidi, maana hapo ndipo programu ilipoanza kuikagua programu mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Marekani katika chuo cha MIT, ilitokea programu ya ukaguzi iliyoitwa DDT. Wazee wanaikumbuka DDT, ile dawa ya kunyunyizia kuta ili kuua mbu. Mafundi huliita kosa la programu “mdudu”, kwa hiyo jina lile lilikuwa mzaha.

Sasa sikilizeni jinsi mkaguzi anavyomsimamisha mchakato. Huenda kwenye kumbukumbu, akaondoa agizo moja na kulitunza kando, na mahali pake akaweka agizo la kusimama. Katika kompyuta nyingi za leo agizo hilo ni namba moja tu, 204. Mchakato ukifika hapo, husimama. Mkaguzi huangalia hesabu, halafu hulirudisha agizo la asili, na kazi huendelea kana kwamba hapakuwa na jambo.

Lakini tazameni shida iliyozuka. Katika maabara ya Bell, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza mwaka 1969 kuitengeneza Unix, programu kuu ya kuwawezesha watu wengi kutumia mashine moja. Ili mtu asiharibu kazi ya jirani, kila mchakato ulizungushiwa ukuta: usiguse kumbukumbu isiyo yako. Ni sheria njema, ila humzuia hata mkaguzi. Hivyo ilibidi utobolewe mlango wa halali. Katika toleo la sita la Unix, mwaka 1975, mlango huo uliitwa ptrace. Mkaguzi aliomba: nisomee neno hili la kumbukumbu, andika neno hili, endelea, acha kazi. Mlango ulikuwa mwembamba sana, maana kila ombi lilileta neno moja tu, na mkaguzi aliweza kuukagua mchakato aliouzaa mwenyewe tu.

Mwaka 1984 Tom Killian, katika maabara ile ile, alieleza namna nyingine: kila mchakato uonekane kama faili. Ajuaye kufungua faili na kusoma, basi ajua pia kuipekua kumbukumbu ya mchakato. Hapakuhitajika lugha mpya.

Richard Stallman naye aliandika mkaguzi aitwaye GDB mwaka 1986, na baadaye akawekewa hata njia ya kukagua mashine iliyo mbali kwa waya. Herufi g huomba hesabu zilizo mkononi mwa kompyuta, m huomba kumbukumbu, c ni endelea, s ni hatua moja. Mashine yoyote ijuayo kujibu herufi hizo chache yakaguliwa, iwe kubwa au ndogo kama ya ndani ya redio.

Tarehe 4 Julai, 1997, chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mars. Baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya, na kila mara kazi ya siku iliyobaki ikakatika. Fundi hawezi kupanda ngazi kwenda huko. Ujumbe peke yake wakati ule ulichukua zaidi ya dakika 10 kufika. Lakini zana za ukaguzi hazikuwa zimeondolewa katika programu iliyorushwa. Mafundi wa maabara ya JPL, California, walichukua mashine pacha iliyobaki duniani, wakaiendesha huku zana hizo zikiandika kila tukio, hata nayo ikajizima. Maandishi yakaonyesha kisa: kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilishika ufunguo uliohitajiwa na kazi kubwa, na kazi ya katikati ikaizuia ile ndogo isimalize na kuuachia. Wakatuma marekebisho madogo kwa redio. Kujizima kukakoma, na chombo kikaendelea kuleta habari mpaka mwisho wa Septemba mwaka ule.