Kinga ya Kupokezwa, Wala Si “Chanjo ya Uzazi”

Karatasi imepigwa chapa vizuri, ina rangi, ina mhuri, na juu kabisa pameandikwa kwa herufi kubwa: “Chanjo ya uzazi.” Walioiandika walikusudia jambo jema: mama achanjwe akiwa na mimba ili mtoto azaliwe tayari ana kinga. Walichoandika ni kingine. Huku kwetu Kivu Kusini, Baraka, Lusenda na Fizi penyewe, neno uzazi likikaa karibu na sindano, watu husikia kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo sindano ya uzazi. Basi mama anakaa mbele ya muganga na kuuliza swali ambalo mtu yeyote wa hapa angelitabiri: “Muganga, hii ni ile ya kufunga kizazi?” Na muganga, badala ya kuchoma, anaanza kufuta kazi ya kamati iliyochagua jina hilo.

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilitiwa homoni ili izuie mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini uvumi ulikuwa umeshapanda mabasi na boti. Chanjo hiyo haikuitwa hata “ya uzazi”, na bado iliandamwa na shaka ile ile. Sasa sisi, tunaojua hayo, tunaichukua shaka na kuiandika katika kichwa cha karatasi! Niliwahi kuwaandikia wahusika. Nilijibiwa kwamba istilahi imekwisha “kupitishwa”. Kupitishwa wapi, na nani, mbele ya mama gani mwenye mimba, sikuelezwa.

Kwa kinga hii ya mama kwa mtoto zipo tafsiri nyingine mbili zinazozunguka, na sitazinyamazia. Ya kwanza ni “kinga tuli”, inayopendwa na wanaotafsiri huku wamefungua kamusi ya lugha ya kigeni. Wanasema mtoto hakuitengeneza kinga hiyo mwenyewe, kwa hiyo imetulia. Tuli ni hali ya ziwa alfajiri kabla upepo haujashuka kutoka milimani. Kinachotendeka tumboni hakina utulivu huo. Kondo la nyuma linachagua aina moja ya kingamwili katika damu ya mama, linaishika, linaivusha na kuiachia upande wa mtoto. Kazi hiyo huanza kidogo kidogo mnamo mwezi wa nne, na sehemu kubwa huvushwa katika majuma ya mwisho, hata mtoto aliyetimiza miezi huweza kuzaliwa na kingamwili hizo nyingi kuliko mamaye. Kuiita kazi hiyo tuli ni kuukana mwili.

Ya pili ni ya wale wanaosema mama anamtumia mtoto “askari”. Tafsiri hii inatoka kwa watu wenye nia njema, na huko kwingine labda inafaa. Katika Fizi, ambako familia ngapi zimelala porini kwa ajili ya watu wenye bunduki, usimwambie mama kwamba utamtia mtoto wake askari. Sielewi mtu aliyeishi hapa anawezaje kuliandika neno hilo.

Turudi kwenye maneno yenyewe, maana Kiswahili kilikuwa na jibu kabla kamati haijakaa.

Chanjo linatokana na kuchanja, na kuchanja ni kutia wembe: kuchanja ngozi, kuchanja chale, kuchanja kuni. Jina lilishika kwa sababu kinga dhidi ya ndui iliingizwa mwilini kwa kukwaruza ngozi. Lakini neno limeuacha wembe zamani. Chanjo ya kipindupindu hunywewa, haina chale wala sindano, na hakuna mtu kandokando ya Tanganyika anayekataa kuiita chanjo. Basi chanjo ni tendo la kuingiza, na libaki hivyo.

Kinga ni tajiri zaidi, na hapa naomba subira ya msomaji. Kukinga ni kuzuia: unakinga jua, unakinga pigo. Lakini kukinga ni kupokea pia: mvua ikinyesha unakinga maji kwa ndoo chini ya paa, mtoto anakinga mikono apewe. Kitenzi kimoja kimebeba kuzuia kibaya na kupokea chema. Lugha gani nyingine ilitupa neno lililo tayari namna hii kwa hali ya mtoto aliye tumboni? Yeye anakinga kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja. Na tukaenda kubandika “tuli” juu yake.

Kilichobaki kilikuwa kuonyesha mwelekeo, na kazi hiyo viambishi vya vitenzi vyetu huifanya bila kuombwa. Pokea: anayepata. Pokeza: anayempa mwingine apate. Pokezwa: aliyetiwa kitu mkononi na mwingine. Kwa hiyo nasema, na nimesema kwa miaka: mama anapewa chanjo ya kupokeza, mtoto anazaliwa na kinga ya kupokezwa. Watu wawili, kitenzi kimoja. Mpinzani wangu mmoja ameandika kwamba maneno matatu ni mengi kwa istilahi. “Uzazi wa mpango” ni maneno mangapi? Hakuna aliyelilalamikia.

Ubishi huu unagusa maisha, kwa kuwa utafiti unaokuja wa kuchanja wajawazito utaanza kwa karatasi ya kuomba ridhaa, na karatasi hiyo itaandikwa kwa maneno haya. Wajawazito wameachwa nje ya majaribio kwa muda mrefu, kisha wakanyimwa chanjo kwa hoja kwamba hawakujaribiwa. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, wenye mimba na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa kuchanjwa, kwa sababu chanjo ile ina virusi hai vinavyoweza kuzaana mwilini. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini Ebola yenyewe humaliza karibu kila mimba inayoikuta. Ruhusa ilipatikana mwaka 2019. Agosti mwaka huo ugonjwa ukafika Mwenga, jirani yetu wa kupakana, na wa kwanza kuonekana huko walikuwa mama na mtoto wake mchanga.

Mwenga hiyo hiyo, mjini Kamituga, tangu Septemba 2023 ilitoa aina mpya ya mpox, na miongoni mwa wajawazito walioambukizwa wapo waliopoteza mimba. Swali likarudi lile lile: chanjo ya mpox inamfaaje mwenye mimba? Safari hii jaribio limepangwa kwa ajili yao hasa, huko Boende, Tshuapa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na kile cha Antwerp. Nalisifu kwa moyo wote. Nataka na la Kivu.

Kwa kipindupindu, ambacho Baraka inakijua kwa jina na kwa majira yake, ushahidi ulipatikana Zanzibar karibu kwa bahati. Katika kampeni ya 2009 wajawazito hawakulengwa, ila wengine walikunywa chanjo kabla ya kujua wana mimba. Watafiti waliwafuatilia baadaye na hawakuona madhara kwa mimba zao. Maarifa hayakupaswa kupatikana kwa njia hiyo, kwa kuokota.

Na kuna swali ambalo ni letu kuliko la wengine. Malaria ikikaa katika kondo la nyuma hupunguza kingamwili zinazovuka, na maambukizi ya VVU vilevile. Katika nchi ya mbu kama bonde la Mutambala, mama aliyechanjwa vizuri anampokeza mtoto kiasi gani? Achanjwe mwezi gani ili apokeze zaidi, ikiwa wengi hufika kliniki ya wajawazito (CPN) kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekua, na tarehe ya mimba inakisiwa tu? Kingamwili za mama zikiwa nyingi, zinadhoofisha chanjo ambazo mtoto atapewa mwenyewe akiwa na majuma sita? Angalieni kwamba maswali haya yote ni ya kupokeza. Kwa “chanjo ya uzazi” hayaulizwi vizuri hata moja, na kwa “kinga tuli” hayana mahali pa kukaa. Mtafiti atakayemwambia mama wa Fizi, “Tunataka kujua mtoto wako anapokezwa kinga kiasi gani,” atakuwa amemweleza utafiti wote, naye ataweza kukubali au kukataa akijua anachokikataa.

Kwa matumizi: andika “chanjo ya kupokeza” kwenye karatasi ya mama, “kinga ya kupokezwa” kwenye karatasi ya mtoto, wingi ni “chanjo za kupokeza”, katika CPN inatosha kusema, “Mama, sindano hii unampokeza mtoto.”