Nani Humtuma Mchungaji wa Naviundu?

Konferensi ya Mwaka ya Kanisa la Methodisti ikikaribia, mama mchungaji, yaani mke wa mchungaji, katika mtaa kama Naviundu, pembezoni mwa Lubumbashi, hanunui mfuko mzima wa makala, huo mkaa wetu wa kupikia. Ananunua wa siku mbili tatu. Kuku anaanza kuwapunguza. Hajui kama mwezi ujao atasonga bukari, huo ugali wetu, hapa, au Kambove, au mbali zaidi huko Sandoa. Siku ya mwisho ya Konferensi ya Mwaka, askofu atasimama na orodha mkononi: jina la mchungaji, kisha jina la parokia. Mchungaji hakuomba mahali, wala waumini hawakumchagua mtu. Aliyesomwa jina lake anakwenda.

Wageni wengi hushangaa wanapoona hivyo. Mbona kanisa lisimwajiri mchungaji linayempenda? Jibu ni la zamani kuliko Lubumbashi yenyewe. John Wesley, huko Uingereza katika karne ya 18, aliwazungusha wahubiri wake, kwani hakutaka mtu azoee kiti. Wahubiri waliokutana Baltimore, Marekani, Desemba 1784, wakaanzisha kanisa lao na kuishika desturi hiyo. Tangu hapo Umethodisti ni kanisa la mikutano. Parokia ina baraza lake. Wilaya ina msimamizi wake, anayeteuliwa na askofu. Konferensi ya Mwaka huwakutanisha wachungaji na wajumbe wa walei. Konferensi ya kanda ya Kongo, iliyokuwa ikiitwa ya Kati, huchagua maaskofu. Juu ya zote ipo Konferensi Kuu, inayokutana kila baada ya miaka minne, nusu wachungaji na nusu walei, na humo askofu hana kura hata moja. Sheria zake zimo katika Kitabu cha Nidhamu, na hata kiwanja kinaguswa: jengo la parokia si mali ya mchungaji wala ya wanaosali humo, bali limewekwa amana kwa ajili ya kanisa lote.

Huku kwetu Katanga hayo yote yaliletwa na shaba. Naviundu penyewe wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta dalili za kazi ya shaba ya karne ya 4. Shaba hiyo hiyo ndiyo iliyovuta reli kutoka kusini hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na vijana wakaja kutafuta kazi. Wamisionari wa Methodisti John Springer na mkewe Helen walikuwa wameshavuka nchi hizi mwaka 1907, safari ya kwenda Angola. Waliporudi walifuata migodi, kisha wakafika kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Lakini hawakuwa peke yao, na hili napenda lisisahauliwe: alikuwapo Kayeka, aliyepelekwa Angola utumwani akarudi kwao akiwa mhubiri.

Uongozi ulibaki ng'ambo. Mwaka 1936 Springer alichaguliwa askofu, na kura zilipigwa Columbus, Ohio. Mwaka 1944 akafuata Newell Booth, naye alichaguliwa Marekani. Mkatanga aliweza kuhubiri, kufundisha na kujenga, lakini aliyesoma orodha ya wachungaji aliamuliwa na watu wasioijua njia ya kwenda Kapanga, huko kwa Walunda.

Hata hivyo shule za misheni zilifundisha jambo ambalo serikali ya Wabelgiji haikulitaka: kuendesha mkutano, kuandika maazimio, kuhesabu kura. Moïse Tshombe alipita katika shule hizo. Jason Sendwe, kiongozi wa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, pia. Mwaka 1960 walisimama pande mbili zinazopigana, Tshombe akiitenga Katanga na Sendwe akiipinga hatua hiyo. Kanisa lililowalea wote wawili halikuweza kuwapatanisha, na kwangu hilo ndilo jeraha kubwa katika historia yake hapa.

Mwaka 1964 Konferensi ya Kati ya Afrika ikamchagua John Wesley Shungu, Mkongomani wa kwanza kuwa askofu wa Methodisti. Jambo hilo halikuwa pambo. Mwaka 1972 Shungu hakurudishwa, akachaguliwa Onema Fama, kijana wa miaka 36. Yaani Waafrika walimweka askofu wao, na Waafrika hao hao wakambadilisha kwa kura.

Wakati huo huo Rais Mobutu alitia mkono wake. Waprotestanti walikusanywa mwaka 1970 chini ya kanisa moja, lililokuja kuitwa Kanisa la Kristo Zaire, na sheria ya mwisho wa 1971 ikayatambua makanisa machache tu. Methodisti ikawa “komunauté”, yaani jumuiya, ndani ya paa hilo. Ndiyo maana askofu wetu ana kofia mbili: ni mchungaji wa wachungaji, na ni mwakilishi wa kisheria mbele ya serikali, anayetia sahihi karatasi za viwanja na shule.

Katembo Kainda alichaguliwa askofu mwaka 1980 na kukaa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2017 akaja Kasap Owan, ambaye eneo alilopewa lilivuka mpaka hadi Zambia. Mwaka 2024 Konferensi Kuu ilipokutana Charlotte, karibu theluthi ya viti ilikuwa ya Afrika, ingawa baadhi ya wajumbe walikwama kwa viza. Hapo ilipitishwa kwamba kila kanda iweze kujipangia mambo yake mengi, na mwaka 2025 konferensi za mwaka duniani zikaridhia.

Madaraka hayo sasa yanakuja hadi mlangoni. Basi, baba na mama wa Naviundu, na ninyi Mama Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisa, mnaobeba parokia mgongoni: mnapomchagua mlei wa kwenda konferensi, msimpe nafasi kwa sababu ana suti nzuri au gari. Mtumeni anayeweza kusoma hesabu, kusimama na kuuliza, kisha arudi Jumapili inayofuata kuwaeleza alivyopiga kura.