Zawadi Iliyokuja na Kamera: Moscow, Septemba 1991

Kwenye kundi letu ukitaja hevi metali, wengi wanaziba masikio. Rhumba sawa, injili sawa, bongo fleva ndiyo usiseme. Lakini gitaa linalonguruma na mtu anayepiga kelele kama kakanyaga mwiba? Hapana. Basi wiki hii hatuwaombi muupende muziki huo. Tunaomba muangalie kanda moja ya tamasha, na mkitaka punguzeni sauti kabisa, maana tunachotaka kukizungumzia hakiko jukwaani. Kiko chini, kwenye umati.

Kanda yenyewe inaitwa For Those About to Rock: Monsters in Moscow. Mwongozaji ni Wayne Isham, na vipande vyake siku hizi vinapatikana mtandaoni hata kwa bando dogo. Inaonyesha siku moja tu: Jumamosi, tarehe 28 Septemba 1991, kwenye uwanja wa ndege wa Tushino, Moscow. Waliopiga ni AC/DC, Metallica, The Black Crowes, Pantera, na bendi moja ya wenyeji iitwayo E.S.T.

Tamasha hilo lilikuwa la kusafiri. Jina lake Monsters of Rock, tuseme Mazimwi ya Roki, na lilianza tarehe 16 Agosti 1980 kwenye uwanja wa mbio za magari wa Donington, Uingereza. Mwaka huohuo ikatoka santuri yenye nyimbo zilizorekodiwa palepale, kwa hiyo tamasha na rekodi vilizaliwa pamoja tangu mwanzo. Baadaye likaanza kuzunguka nchi nyingine za Ulaya. Mwaka 1988 ukatokea msiba. Donington kulikuwa na watu zaidi ya laki moja, mvua imenyesha, ardhi ni tope tupu, na wakati Guns N' Roses wako jukwaani umati ukasukumana, watu wakaangukiana. Vijana wawili wakafa. Mwaka 1989 hapakuwa na tamasha. Liliporudi 1990 liliwekewa kikomo: watu 72,500, basi. Hiyo namba ikumbukeni, tutairudia.

Sasa tufike 1991. Tarehe 17 Agosti AC/DC ndio walikuwa vinara Donington, Metallica wakiwatangulia jukwaani. Kamera zilikuwepo pia, na filamu ya AC/DC ya siku ile, iliyoongozwa na David Mallet, mashabiki wanaiheshimu mpaka leo. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu yake, tarehe 19, Moscow iliamka na vifaru barabarani.

Wakuu wanane wa serikali ya Kisovieti walikuwa wametangaza kwamba Rais Mikhail Gorbachev anaumwa na kwamba nchi sasa iko mikononi mwao. Televisheni ya taifa ikawa inaonyesha dansi ya bale, ile ya Ziwa la Bata Maji. (Waliotoka nchi ambako redio ya serikali huanza ghafla kupiga muziki bila maelezo, hawahitaji kufafanuliwa hapa.) Boris Yeltsin akapanda juu ya kifaru mbele ya jengo la bunge la Urusi, linaloitwa Jumba Jeupe, na maelfu ya watu, wengi wao vijana, wakalizunguka jengo hilo usiku na mchana wakijenga vizuizi. Usiku wa kuamkia tarehe 21 watu watatu walipoteza maisha: Dmitry Komar, Vladimir Usov na Ilya Krichevsky. Siku hiyo jaribio la mapinduzi likaporomoka.

Tamasha la Tushino lilikuja wiki tano baadaye, na lilitangazwa kuwa zawadi kwa vijana waliosimama mbele ya vile vifaru. Kiingilio bure.

Ili muone uzito wa zawadi hiyo, turudi nyuma kidogo. Kwenye Umoja wa Kisovieti kampuni ya serikali ya kutoa santuri ilikuwa moja, Melodiya, na muziki ambao wakubwa hawakuutaka haukutoka. Kwa hiyo watu walijitengenezea. Kuanzia miaka ya 1940, mafundi wa mjini Leningrad walikuwa wanaokota picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, wanazikata duara, wanatoboa tundu katikati kwa sigara, halafu wanachora mistari ya sauti juu yake kwa mashine za kujiundia. Unanunua wimbo mmoja wa jazi uliochongwa juu ya mbavu za mtu usiyemjua. Warusi waliuita muziki wa mifupani. Ulidumu kwa kupigwa mara chache tu kisha unakwaruza, na aliyekamatwa akiutengeneza alifungwa. Zikaja kanda za sumaku, zikanakiliwa mkono kwa mkono, nakala ya nakala ya nakala. Sisi tuliozoea kurushiana nyimbo kwa simu bila intaneti tunaona hawa ni ndugu zetu kabisa.

Na hevi metali ilikuwa na faili lake. Mnamo Januari 1985 kamati ya Komsomol, yaani umoja wa vijana wa chama, katika mkoa wa Mykolaiv huko Ukraine, ilitoa orodha ya bendi za nje zisizofaa kupigwa kwenye disko. Kila jina limeandikiwa kosa lake. Black Sabbath: fujo na ushirikina wa kidini. AC/DC: ufashisti mamboleo na fujo. Mykolaiv ni mji uleule uliopigwa makombora kuanzia 2022, na wengi wa watu wake wakawa wakimbizi kama sisi. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Kwa hiyo fikirieni. Bendi iliyokuwa kwenye orodha ya makosa mwaka 1985, mwaka 1991 inapiga muziki Tushino, uwanja ambako enzi za Stalin ndege za kivita zilikuwa zikifanya maonyesho mbele ya viongozi. AC/DC wana desturi ya kufunga kwa wimbo wenye milio ya mizinga. Mizinga ya maigizo, katika mji ulioona vifaru vya kweli mwezi uliopita.

Aliyegharamia mambo yote hayo ni Time Warner, kampuni kubwa ya Marekani ya filamu na muziki. Hapa ndipo sisi tunapopunguza makofi kidogo. Metallica, AC/DC na Pantera wote santuri zao Marekani zilikuwa zinatolewa na kampuni zilizo chini ya Time Warner. Albamu nyeusi ya Metallica ilikuwa imetoka tarehe 12 Agosti, mwezi na nusu kabla. Soko la mamilioni ya vijana lilikuwa linafunguka. Zawadi ilikuja pamoja na kamera, helikopta na mtu wa kuongoza filamu, na filamu ikaenda kuuzwa.

Hatusemi kwamba zawadi ilikuwa ya uongo. Waliofika walisikia muziki kweli, na hawakulipa hata senti. Ila zawadi inayotolewa mbele ya kamera tunaijua, tena tunaijua vizuri: unashika ndoo, unaambiwa ugeuke huku, utabasamu, mara moja tena tafadhali. Ndoo ni ndoo na maji utachota. Picha inakwenda kwingine. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hatuwapigi vijembe. Mnajua wenyewe kwamba kuna siku hata nyinyi mnachoka na hizo kamera.

Turudi kwenye idadi. Donington ilikuwa na kikomo cha 72,500 kwa sababu watu walikufa. Tushino hapakuwa na tiketi, kwa hiyo hapakuwa na cha kuhesabia. Utasoma mahali wameandika laki moja na nusu. Pengine laki tano. Pengine milioni moja na laki sita! Sisi ambao hatupati chakula mpaka kidole kisomwe na mashine tunaona ajabu kwamba umati mkubwa namna ile haukuhesabiwa na yeyote, na kila msimuliaji anaongeza sifuri yake. Namba ya juu tunaitilia shaka. Hiyo ni karibu mji mzima umehamia uwanjani. Ila ukitazama kwenye kanda helikopta ikipita chini juu ya vichwa, na vichwa haviishi, unaelewa kwa nini watu walishindwa kukadiria.

Na ndani ya umati huo kuna sare. Hiki ndicho tunachotaka mkiangalie. Ulinzi wa Tushino ulikuwa wa maelfu ya polisi na wanajeshi, na wanajeshi wengi wa Kisovieti walikuwa vijana wa kuandikishwa kwa lazima, waliochukuliwa wakiwa na miaka 18 kutumikia miaka miwili. Yaani rika moja na mashabiki. Kwenye kanda utawaona wamesimama na kofia zao, wengine wanatikisa kichwa kwa mdundo kama wenzao wasio na sare. Halafu dakika chache baadaye utaona virungu. Askari wanavuta watu, wanapiga, chupa zinaruka, kuna mwenye damu usoni. Pantera, ambao wakati huo hawakuwa wakubwa sana, wanapiga kama wamewashwa moto, na filamu inachanganya picha zao na za vurugu mpaka hujui kipi kinachochea kipi.

Kwa maoni yetu huo mchanganyiko ni ujanja wa mhariri. Kuruka na kupigwa virungu ni vitu viwili, na mtu aliyepigwa kirungu siku ile hakuwa anacheza. Lakini tunashukuru kwamba picha hizo hazikukatwa. Kampuni ilitaka kuonyesha uhuru umefika, vijana wanafurahi, gitaa limeshinda kifaru. Kamera ikaonyesha furaha hiyo, na pia ikaonyesha kwamba mkono ulioshika kirungu ulikuwa bado ni uleule, wiki tano tu baada ya ushindi. Kilichopungua ni wenyeji wenyewe. E.S.T., bendi ya hapohapo, imepewa nafasi ndogo mno, na wale vijana waliotoka kwenye vizuizi vya Agosti hatujui majina yao. Ni wageni waliokuja kwa ndege ndio tunaowajua.

Wiki ileile, kwetu sisi tunaotoka Kongo, kulikuwa na habari nyingine ya wanajeshi na vijana. Tarehe 23 Septemba 1991, siku tano kabla ya Tushino, wanajeshi wa Zaire waliochoshwa na mishahara midogo waliasi Kinshasa, wakaanza kupora maduka, na raia wakajiunga nao. Wazazi wetu wanauita pillage mpaka leo, na wanausimulia kwa kutaja vitu: friji iliyobebwa kichwani, mlango uliong'olewa na bawaba zake. Mobutu alikuwa ameishi miaka mingi kwa msaada wa wale waliomhitaji dhidi ya Wasovieti, na Wasovieti ndio hao walikuwa wanaanguka. Kumbe mambo hayo mawili tuliyoyasikia mbalimbali yalikuwa ya kalenda moja.

Yaliyofuata Moscow yanajulikana. Gorbachev alijiuzulu tarehe 25 Desemba 1991 na Umoja wa Kisovieti ukaisha. Oktoba 1993 Yeltsin, yuleyule wa juu ya kifaru, aliamuru vifaru vilipige mabomu Jumba Jeupe lilelile. Tarehe 5 Julai 2003 Tushino ilikuwa na tamasha jingine la roki, liitwalo Krylya, na walipuaji wa kujitoa mhanga wakajilipua langoni; zaidi ya watu kumi walikufa, wengi wao vijana waliokuwa kwenye foleni ya kuingia.

Uwanja wa ndege wa Tushino haupo tena. Mwaka 2014 palifunguliwa pale uwanja wa mpira wa Spartak Moscow, na tarehe 19 Juni 2018, kwenye Kombe la Dunia, Senegal waliifunga Poland 2-1 hapohapo. Mechi ile wengi wetu tuliitazama, tumebanana mbele ya televisheni moja, na tulipiga kelele kuliko hao Pantera.