Msamaria wa Vincent van Gogh

Mfano wa Msamaria twaujua sote: jinsi mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemi kwenda Yeriko alivyoangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kuhani akapita, Mlawi akapita, na aliyemwokoa akawa mtu wa taifa lisilopatana na Wayahudi. Leo tutazame picha moja ya mfano huo, iliyochorwa kwa rangi za mafuta mwezi wa Mei, 1890, huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa.

Mchoraji wake, Vincent van Gogh, Mholanzi, alikuwa mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili. Hakuwa na watu wengi wa kumkalia ili awachore. Kwa hiyo alifuata picha za wengine. Hii aliitoa katika kazi ya Mfaransa Eugène Delacroix, ya mwaka 1849. Lakini alichokuwa nacho mkononi ni chapa tu, nyeusi na nyeupe, nayo, kama herufi za muhuri zigeukavyo, ilikuwa imegeuza kulia kuwa kushoto. Rangi alizitia kwa fikira zake mwenyewe. Alijilinganisha na mpiga muziki apigaye wimbo uliotungwa na mwingine.

Kushoto twaona sanduku wazi, tupu. Njiani mtu anakwenda zake, na mbali zaidi yuko mwingine, mdogo hata huna budi kumtafuta. Hao ndio kuhani na Mlawi. Lakini jicho larudi kwa Msamaria. Hamtii majeruhi mafuta jerahani, kama tulivyozoea kuonyeshwa; anamwinua juu ya mnyama, na mgongo wake umepinda kwa uzito. Majeruhi hajiwezi, amemshika tu. Ni kazi ya mpagazi! Maumbo hayo ni ya Delacroix, kweli. Ila mistari minene ya rangi, ipindayo milimani na nguoni, hata nchi yote yaonekana kutaabika pamoja nao, hiyo ni ya van Gogh.

Twadhani aliujua uzito huo. Mwaka 1879 alihubiri kwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji, akawagawia maskini nguo zake. Wakubwa wake wakaona amepita kiasi, wasimwongezee muda.

Mwezi ule ule wa Mei aliondoka hospitalini. Alikufa tarehe 29 Julai, 1890, mwenye umri wa miaka 37. Picha yake imewekwa Otterlo, Uholanzi, katika jumba la Kröller-Müller.