Tanga Lililofutika: Kuzisoma Sarafu za Iskandaria

Tangu Augustus alipoitwaa Misri mwaka 30 kabla ya Kristo hadi mageuzi ya fedha ya Diocletian mwishoni mwa karne ya 3, Iskandaria ilipiga sarafu zake yenyewe, zenye maandishi ya Kiyunani. Nyingi zilizosalia zimelika kwa mikono na mchanga, hata jina la kaisari halisomeki.

Mwenye kuishika sarafu ya namna hiyo na aanze na kichwa. Mafundi wa Iskandaria kwa kawaida walizipatanisha pande mbili: kaisari akisimama wima, picha ya nyuma nayo husimama wima, sarafu ikigeuzwa mfano wa ukurasa. Hivyo, hata ikibaki shingo tu, juu na chini ya picha hujulikana. Kisha atafute alama iliyo kama herufi L, yenye maana ya mwaka wa utawala. Herufi zinazoifuata ndizo tarakimu. I ni 10, Z ni 7. Katika enzi ya Hadrian, mwaka huo wa 17 ulianza tarehe 29 Agosti 132.

Sasa picha yenyewe. Yuaonekana mwanamke, na kando yake mstari uliopinda. Mstari ukiwa nyuma ya bega, hilo ni bawa, naye ni Nike, mungu wa ushindi. Ukiwa mbele yake, umevimba kwa upepo, hilo ni tanga, naye ni Isis Pharia, mlinzi wa mabaharia.

Pengine mbele ya tanga husimama kitu kirefu ambacho asiyejua hukiita nguzo. Kumbe ni mnara wa taa wa kisiwa cha Pharos: mlango chini, Triton wakipuliza makombe pembeni, na sanamu kileleni. Mitetemeko ya ardhi, ukiwamo ule wa mwaka 1303, iliuangusha, na katika miaka ya 1470 Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pake. Hermann Thiersch, alipochapisha uchunguzi wake juu ya mnara huo mwaka 1909, alizitumia sarafu kuwa mashahidi, kwani zilipigwa mnara ungali umesimama.

Ndiyo maana yafaa kuzichukia patasi za wachuuzi wanaochonga upya sarafu zilizolika ili zipate bei. Tanga likichongwa likawa bawa, Isis hugeuka Nike, na nguzo iliyo mbele yake haina tena wa kuieleza. Sarafu iliyofutika bado yasema kidogo; iliyochongwa upya husema uongo.