Mswada na Moto: Tashtiti ya Uchapishaji katika Riwaya ya Bulgakov

Riwaya ya Mikhail Bulgakov, *Master i Margarita*, aghalabu husomwa kama tashtiti dhidi ya utawala wa Stalin. Usomaji huo una ukweli wake. Hata hivyo, watu wa kwanza wanaokabiliwa na Shetani afikapo Moscow si wanasiasa, bali ni mhariri wa jarida, Berlioz, na mshairi anayeelezwa kwa nini shairi lake liandikwe upya.

Bulgakov (1891-1940) aliijua hali hiyo vyema. Katika barua yake kwa serikali ya Kisovieti ya tarehe 28 Machi 1930, alieleza kwamba alikuwa amekusanya tahakiki 301 za kazi zake, na kati ya hizo 298 zilimshutumu. Alikiri pia kwamba alikuwa ameitia motoni rasimu ya riwaya kuhusu Ibilisi.

Riwayani, chama cha waandishi kiitwacho MASSOLIT kinajishughulisha zaidi na nyumba, likizo na mlo mzuri kuliko fasihi. Uandishi unathibitishwa kwa kadi ya uanachama. Mwandishi aitwaye Master anapowasilisha riwaya yake kuhusu Pontio Pilato, mhariri anadadisi ni nani aliyemchochea kuandika juu ya mada kama hiyo. Wahakiki, Latunsky akiwa miongoni mwao, wanaishambulia hata kabla haijawa kitabu. Hivyo basi, kinachomnyamazisha mwandishi ni wanafasihi wenzake, wala si askari peke yake. Master anauchoma mswada. Shetani anamrejeshea ukiwa mzima.

Historia ya uchapishaji iliithibitisha tashtiti hiyo, lakini ikaisahihisha fantasia yake. Bulgakov alipopoteza uwezo wa kuona, mkewe, Elena, aliandika masahihisho kwa imla yake, kisha akautunza mswada kwa zaidi ya robo karne. Jarida la *Moskva* liliichapisha riwaya mnamo 1966 na 1967, ikiwa imekatwakatwa, zikiondolewa hata sehemu zilizowagusia polisi wa siri. Toleo kamili lilitoka Moscow mwaka 1973. Elena alikuwa amefariki 1970.

Kwa hiyo, mswada uliookolewa riwayani kwa muujiza uliokolewa duniani kwa uvumilivu wa msomaji mmoja. Historia ya fasihi inayowataja waandishi, wahariri na wadhibiti tu, bila kumtaja mtunzaji huyo, ni historia nusu.